Mock, tease, sneer, jeer: kamusi inasema yote ni "dhihaki", ila ukiyachanganya utaumbuka

Mleta uzi

Wakuu, kwema?

Kuna kundi la maneno ya Kiingereza ambalo kamusi zetu nyingi zinalimaliza kwa neno moja. "Mock": dhihaki. "Ridicule": dhihaki, kejeli. "Deride": dhihaki. "Jeer": dhihaki, zomea. Ukifika "taunt" unaona kabisa mtunzi kachoka, kaandika dhihaki tena na kwenda kunywa chai. Mwanafunzi anatoka hapo na maneno kumi yenye maana moja, halafu anachagua lile refu ili insha ipendeze.

Mimi kula yangu ni tafsiri, na haya maneno yamenitesa kuliko istilahi za dawa. Kamusi inakuaminisha kwamba tofauti yake ni ukali tu: hili kali, hili la wastani, hili la watoto. Sivyo. Ukimsikiliza mwenye lugha utaona anaangalia mambo matatu. Unacheka kwa kutumia nini: mdomo, uso, kalamu au umati? Unampiga nani: mtu mwenyewe au hoja yake? Na je, anayechekwa naye ana ruhusa ya kucheka? Hilo la tatu ndilo tunaloliruka.

Tuanze na "mock", maana hili kila aliyepita sekondari Tanzania analijua. Mtihani wa moko. Kwenye karatasi wanauita mtihani wa utamilifu, lakini sijawahi kusikia mwanafunzi akisema "kesho nina utamilifu". Sasa kwa nini mtihani uitwe jina la dhihaka? Neno lilitoka Kifaransa cha zamani, na dhihaka yake inaendana sana na kuiga: unatembea kama yeye, unakohoa kama yeye, watu wanacheka. Kutoka hapo likazaa matawi mawili. Tawi moja limebaki kwenye kucheka mtu. La pili limebaki na kuiga peke yake, kitu cha mfano kisicho chenyewe. Ndiyo maana kuna mtihani wa "mock", kesi ya "mock" ya wanafunzi wa sheria, na "mock turtle soup", supu ya Waingereza wa karne ya 18 iliyopikwa kwa kichwa cha ndama kwa sababu kasa wa baharini alikuwa ghali. Ndege wa Marekani aitwaye "mockingbird" hana dharau na mtu, anaiga milio ya ndege wenzake tu.

Kwa hiyo ukisoma "he mocked my accent", picha ya kwanza inayomjia msomaji ni ya mtu anayeigiza lafudhi yako, siyo ya mtu aliyesema tu kwamba ni mbaya.

Halafu kuna "make a mockery of". Hapa hakuna anayecheka kabisa. "The delay made a mockery of the process" nimeiona imetafsiriwa "ucheleweshaji uliudhihaki mchakato". Ucheleweshaji una mdomo? Maana yake ni kwamba mchakato mzima uligeuzwa kichekesho, haukuwa na maana tena.

"Ridicule" shina lake ni Kilatini cha kucheka, "ridere". Hili linahitaji watazamaji. Unaweza kum-mock mtu mko wawili tu chumbani. Uki-ridicule, lengo lako ni wengine wamcheke. Na tafadhali, mkazo uko mwanzo: RI-dikyuul. Wengi wetu tunaukandamiza katikati kwa sababu ya "ridiculous", ambalo kweli mkazo wake uko kwenye DI. "Deride" na "derision" ni ndugu zake wa shina moja, ila hao ni wa magazeti na hotuba. Hakuna mama wa Kiingereza anayemwambia mwanawe "stop deriding your sister".

"Scoff" kwa kawaida linapiga hoja, dai, wazo: "they scoffed at the plan", waliubeza mpango. Uingereza "scoff" bila "at" ni kufakamia chakula, kwa hiyo "he scoffed my chips" jamaa hakuzidharau chipsi zako, amezimaliza.

"Sneer" ni la uso. Kubetua midomo. Mtu anaweza ku-sneer bila kutoa sauti hata moja, na hata likiandikwa kwa maneno ("'You?' he sneered") msomaji anauona mdomo ukipinda. "Jeer" ni la sauti, na mara nyingi la umati: kuzomea. "Taunt" ni kuchokoza kwa maneno ili ufanye kitu, ukasirike, upige mtu, upewe kadi nyekundu. Huyu hacheki kwa raha yake, anakuchokonoa. Ukitafsiri "taunt" kwa dhihaki umeacha nusu ya maana nje.

Sasa "tease", na hapa ndipo swali la tatu linaingia. Neno hili ni la mafundi wa sufu: kuichambua sufu, kuivuta nyuzinyuzi. Wenzake ni "heckle", ambalo nalo lilikuwa kuchana nyuzi za kitani kwa chanuo la meno ya chuma kabla halijawa kumkatiza mwanasiasa jukwaani kwa maswali na kelele. Wachana kitani wa Dundee, Uskoti, walisifika kwa siasa kali. Maneno mawili, yote ya kuchambua nyuzi, yakageuka kuchambua watu. Ila yameachana njia. "Heckle" limebaki la hadharani na la uhasama. "Tease" limehamia nyumbani: kaka na dada, wapenzi, marafiki wa ofisini. Ni utani, ambao anayetaniwa anategemewa kucheka. Akiacha kucheka, mtaniaji anatakiwa aache. Asipoacha, Kiingereza kinabadilisha neno: sasa ni "taunting", au "bullying". Kitendo ni kilekile, maneno ni yaleyale, kilichobadilika ni uso wa anayeambiwa.

La mwisho kabla sijawaachia uwanja: sarufi. Kiswahili tunasema alinicheka, moja kwa moja, hivyo tunaandika "he laughed me". Hapana, "laughed at me". Yanayodai "at" ni laugh, jeer, scoff, sneer (jeer unaweza ukalikuta bila "at" likifuatwa na mtu). Yasiyotaka kitu ni mock, ridicule, tease, taunt, deride. "Mock at" mtaliona kwenye maandishi ya kale, mliache hukohuko. Na "make fun of", "poke fun at", msivibadilishane vihusishi.

Karibuni.

Mbeba Boksi wa Leeds

Mkuu umeupiga mwingi. Niongeze ya huku.

Huku kazini neno utakalolisikia kuliko hayo yote ni "taking the mickey", na lenyewe ni toleo la adabu. Toleo halisi lina mkojo ndani na silianzi hapa. Kwa Kiswahili cha mtaani ni kusanifu. "Unanisanifu?" ndiyo "are you taking the mickey?" hasa, kwa sababu yote mawili yanatumika hata pale ambapo hakuna anayecheka. Ukiuziwa chai kwa pauni sita unaweza kusema wanakusanifu, na Mwingereza atasema hivyohivyo.

"Pulling my leg" ni tofauti, hilo ni kudanganywa kwa utani. Mtu akikwambia bosi kaongeza mshahara ukaruka kwa furaha, amekuvuta mguu. Hakukudharau.

Na kuna "banter". Hili ni la kuogopa. Kiasili ni kurushiana maneno ya utani, nakupiga unanipiga, kama Simba na Yanga siku ya derby. Lakini siku hizi ni ngao. Mtu anakutukana rangi yako, dini yako, ukikasirika anakwambia "it's just banter, mate". Maana yake: nakulazimisha ucheke. Mleta uzi kasema anayetaniwa awe na ruhusa ya kucheka. Hawa wanakupa amri ya kucheka.

Mleta uzi

Mkuu Leeds, hilo la banter lina historia tamu. Lilipoingia Kiingereza mwishoni mwa karne ya 17 lilionekana neno la wahuni, na aliyelipiga vita ni Jonathan Swift. Mwaka 1710 aliandika kwenye jarida la Tatler kwamba kwa miaka kadhaa amejitahidi awezavyo kulizuia, pamoja na "mob". Yote mawili yamemshinda. Mtu aliyekuwa bingwa wa kuchekesha kwa kalamu Uingereza na Ireland nzima alilichukia neno la utani. Asili yake hadi leo haijulikani.

Mtahiniwa 2

Mwalimu naomba msaada, kesho kutwa nina mtihani. Tofauti ya sarcasm, irony na satire ni ipi? Kila mwalimu anasema lake.

Mleta uzi

Usiniite mwalimu, watanidai vyeti.

"Irony" ni pana kuliko yote. Ni pengo kati ya kinachosemwa au kinachotarajiwa na kilichopo. Wakenya wanaita kinaya na wamelikomaza vizuri mashuleni kwao. Mvua inamwaga, Mwingereza anasema "lovely weather". Hajamcheka mtu. Kituo cha zimamoto kikiungua, hiyo nayo ni irony na hakuna aliyefungua mdomo. Asili ni Kigiriki: "eiron" alikuwa mhusika wa michezo ya kuchekesha anayejifanya mjinga huku anajua.

"Sarcasm" lazima iwe na mtu wa kuumia. Kigiriki chake, "sarkazein", kilihusu kurarua nyama, na nyama ni "sarx". Umechelewa kikao saa nzima, mwenyekiti anasema "thank you for joining us". Sisi tungesema "mbona mapema hivi?" Ametumia kinaya, ila amekilenga kwako, na kila aliyekaa pale anajua nani kapigwa. Mtihani ukikuuliza, jibu kwamba sarcasm hutumia irony kama silaha, lakini irony inaweza kukaa bila sarcasm.

"Satire" ni kazi nzima, si sentensi moja: shairi, makala, mchezo, kipindi cha redio, na inalenga uovu wa watu wakubwa au wa jamii. Mfano wa shule zote ni makala ya Swift ya 1729, "A Modest Proposal", inayopendekeza kwa utulivu kabisa, na kwa hesabu, kwamba maskini wa Ireland wawauze watoto wao wachanga kwa matajiri wawe kitoweo. Hakuna tusi hata moja mle ndani. Anaongea kama mchumi. Aliyepigwa ni yule anayewajadili maskini kwa takwimu.

Hatari ya mchezo huu ni kueleweka kijuujuu. Daniel Defoe mwaka 1702 alitoa kijitabu akijifanya mfuasi mkali wa Kanisa la Uingereza anayetaka Wakristo wa madhehebu mengine wafutiliwe mbali. Yeye mwenyewe alikuwa wa hayo madhehebu mengine. Baadhi ya wakali walikisoma na kukiunga mkono kwa dhati. Mwandishi alipojulikana, Julai 1703 akasimamishwa mara tatu hadharani London, kichwa na mikono vimebanwa kwenye ubao. Kila nikiona mtu mtandaoni anashangaa "hivi huyu yuko serious?" namkumbuka Defoe.

"Parody" ni kuiga mtindo wa kazi ya mtu mpaka uchekeshe. "Caricature" ni Kiitaliano cha kupakia mzigo kupita kiasi, mchoraji anaipakia pua. "Lampoon" limetoka kwa walevi wa Kifaransa, "lampons", tunywe. Hayo hayatakuja kwenye mtihani.

Mtoto wa Eastlands

Wasee wa Bongo, mmesahau roast na diss. Huku Nairobi tuko na mchongoano tangu tukiwa watoto, na mzungu akitaka kuelewa tunamwambia ni "roasting". Ati wewe ni mrefu mpaka ukianguka Jumatatu unafika chini Jumatano. Hiyo haitafsiriwi dhihaka bana, hiyo ni mashindano. Ukikasirika umeshindwa.

Wamarekani weusi wako na yao inaitwa "the dozens", na mama wa mtu ndiye huumia zaidi, sawa tu na kwetu. Sasa roast ya Marekani ni tofauti kidogo, mtu mmoja anakalishwa kiti cha heshima, wote wanamchoma, yeye anacheka, mwisho anapewa nafasi awachome. Kama hakukubali kukaa kwa hicho kiti, hiyo si roast, ni matusi tu.

Diss ni kifupi cha disrespect. Hiyo haina ruhusa. Rapper akikudiss hujaombwa maoni.

Mzee Hana Haraka

Vijana mnajisumbua. Mtu akikucheka amekucheka. Waingereza wenyewe hawajui hizo tofauti mnazozitunga, wanasema tu lililokuja mdomoni. Na mnadhani Kiswahili ni maskini? Tuna dhihaka, kejeli, kebehi, stihizai, bezo, masimango, uzomeaji, uzodoaji. Kwa nini tusiyapambe yetu?

Mleta uzi

Mzee wangu, shikamoo. Hakuna aliyesema Kiswahili ni maskini, mimi nalalamikia kamusi. Maneno uliyoyataja ndiyo dawa yenyewe. Kuzodoa si kusimanga. Anayesimanga alikupa kitu, sasa anakukumbusha kila siku kwamba alikupa, na Kiingereza hakina neno moja la hilo. Itabidi uzunguke na sentensi nzima.

Na utani ndio umewashinda kabisa. Mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown mwaka 1940 alipoandika kuhusu jambo hili akaliita "joking relationship", uhusiano wa kutaniana, na akalieleza kama kutoheshimiana kunakoruhusiwa. Miaka hiyohiyo ya 1940 mtafiti mwingine, Moreau, akaandika hasa kuhusu utani wa Tanganyika. Walihitaji istilahi yake peke yake kwa sababu "banter" ni nyepesi mno. Banter haimfanyi mtu aje msibani kwako akajilaza ndani ya kaburi hadi apewe kitu. Mtani anafanya hivyo, na ukimfukuza wewe ndiye mwenye makosa.

Hilo la kwamba Waingereza wenyewe hawajui, mzee, nakubali nusu. Hawawezi kukueleza. Lakini mwambie mmoja wao "my grandmother jeered at me" uone atakavyouliza walikuwa bibi wangapi.

Wakili Kivuli

Nimecheka hapo kwa mabibi. Niwape la kwetu, kwa sababu "ridicule" siyo neno la insha tu, lina bei mahakamani.

Tafsiri ya kashfa kwenye sheria ya Kiingereza ilitolewa kwenye kesi ya Parmiter dhidi ya Coupland, 1840: chapisho linalomchafulia mtu jina kwa kumfanya achukiwe, adharauliwe au achekwe. Neno lililotumika kwa hilo la mwisho ni "ridicule". Maneno hayo matatu yakasafiri na koloni. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 195, inayo yaleyale.

Swali likaja: kuchekwa kiasi gani? Mwandishi mmoja wa Uingereza, Julie Burchill, kwenye makala za filamu aliwaita waongozaji wa filamu, akiwemo mwigizaji na mwongozaji Steven Berkoff, watu wenye sura za kutisha. Baadaye akamfananisha na kiumbe cha kutisha cha hadithi ya Frankenstein, akaongeza kwamba kiumbe kile kina nafuu kidogo. Berkoff akashtaki. Mwaka 1996 Mahakama ya Rufani ikaamua, majaji wawili kwa mmoja, kwamba maneno hayo yanaweza kuwa kashfa: kwa mtu anayeishi kwa kuonekana jukwaani, kuambiwa unachukiza kutazama kunaweza kukufanya uwe kichekesho.

Jaji aliyepinga, Millett, ndiye aliyenivutia. Hoja yake ilikuwa kwamba watu waachwe wataniane bila kuogopa kesi, na kwamba mwandishi alitoa utani wa bei rahisi kwa gharama ya Berkoff, ambao huenda umemshushia hadhi mwandishi mwenyewe, lakini haukumkashifu Berkoff. Kwa huko kutaniana alitumia "poke fun". Yaani upande mmoja wa hukumu unaona "ridicule", upande wa pili unaona "poke fun", na maneno ya gazeti ni yaleyale. Mkibishana hapa kwamba maneno haya ni sawa, jueni kuna watu walilipa mawakili kwa ajili ya tofauti hiyo.

Bibi wa Mkunazini

Nyote mmesema, na la wanawake hamkulisema. Kijembe je? Mtu hakutaji jina, hakutazami, anavaa leso yake yenye maneno, anapita mlangoni kwako mara tatu. Au anaimba nawe umo ndani ya ukumbi na unajua ni wewe. Kiingereza wanacho hicho?

Mleta uzi

Bibi, shikamoo. Wanacho, ila wamekipata uchochoroni kama sisi.

Kijembe kidogo cha mdomo ni "a dig", au "a barb", au "jibe" (wengine huandika "gibe", mjihadhari, Marekani "jibe with" ni kuafikiana). Hilo ndilo dongo. Lakini kijembe unachokisema wewe, cha bila jina, ni "shade". "To throw shade." Neno hili lilikuzwa na mashoga weusi na Walatino wa New York kwenye mashindano yao ya mavazi na madoido, na dunia ilielezwa maana yake kwenye dokumentari ya mwaka 1990, "Paris Is Burning". Mzee mmoja mle ndani, Dorian Corey, anafundisha tofauti ya mambo mawili. "Reading" ni kumsoma mtu kasoro zake usoni, kumchana. "Shade" ni hatua ya mbele: sikwambii kwamba wewe ni mbaya, kwa sababu unajua. Nilipoisikia mara ya kwanza nikawaza, huyu angekaa kwenye taarabu ya Unguja asingehitaji mkalimani.

Mtandaoni kuna "subtweet", kumwandika mtu bila kumtaja. Leso ya kidijitali.

Bibi wa Mkunazini

Marahaba. Basi hao wamekwenda skuli.

Mwalimu wa Kwaya

Kwa wanaotafsiri mambo ya kanisa, tazameni Zaburi ya 1. Kiingereza cha King James wanasema kiti cha "the scornful". Biblia yetu ya Union inasema "barazani pa wenye mizaha". Leo tukisikia mzaha tunafikiria utani wa kawaida, kumbe pale ni watu wanaomdharau Mungu. Wagalatia 6:7 wakatumia neno kali: Mungu hadhihakiwi. Na wale vijana waliomdhihaki nabii Elisha, 2 Wafalme 2, "paa wewe mwenye upaa", hapo Kiswahili kimewashinda Waingereza mbali. "Go up, thou bald head" haina hata vina.

Kimya Kingi

Wakuu, nimesoma uzi wote kimya, naombeni msaada wa haraka. Nafanya kazi ughaibuni, kuna msimamizi kanivunjia heshima mbele ya wenzangu, naandika malalamiko kwa ofisi ya rasilimali watu. Nimeandika hivi: "My supervisor abused me and he laughed me in front of all staff." Iko sawa?

Mbeba Boksi wa Leeds

USITUME. Hilo "abused" kwetu Afrika Mashariki ni kutukana, huku watafikiri amekupiga au amekufanyia jambo la kingono. Watafungua faili jingine kabisa, na ukija kusema ni maneno tu utaonekana umeongopa.

Mleta uzi

Mkuu Leeds kasema kweli. Weka "insulted me" kama alikutukana, "verbally abused me" kama yalikuwa matusi mazito na ya mfululizo. "Laughed me" iondoe. Sasa nijibu: alifanya nini hasa? Alicheka tu, aliwaambia wengine wakucheke, au alikuiga?

Kimya Kingi

Naongea Kiingereza taratibu na kwa lafudhi. Alirudia sentensi yangu mbele ya zamu nzima kwa sauti kama yangu, wakacheka. Nikamwomba aache, akarudia tena. Baadaye akasema ni banter.

Mleta uzi

Basi andika hivi: "My supervisor mocked my accent in front of the whole shift. I asked him to stop and he did it again." Usiandike "teased", utakuwa umempa utetezi bure. Usiandike "ridiculed" peke yake, maana haionyeshi alifanya nini. "Mocked my accent" inatosha, kila atakayesoma atamwona jamaa anaigiza. Sentensi ya pili usiifute hata ukiambiwa barua ni ndefu, ndiyo inayoiua banter yake. Tarehe, saa, na majina ya waliokuwepo weka chini.

Wakili Kivuli

Na ubaki na nakala.

Kimya Kingi

Nimebadilisha. Natuma.